Mary Ainsworth: Mwanasaikolojia aliyefundishwa na akina mama wa Buganda

MZIGO unaotoka Uganda kuja Juba kupitia Nimule hukaguliwa sana. Unga, vitunguu, saruji, sabuni na mafuta ya kula, vyote huandikwa, huhesabiwa na kulipiwa ushuru. Lakini ipo hesabu moja ambayo hakuna afisa wa forodha anayeiuliza, nayo ni ya watoto tunaowaacha upande wa pili wa mpaka.

Wengi wetu tulirudi nyumbani baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, wengine baada ya uhuru wa Julai 9, 2011. Kisha vita vya Desemba 2013 na mapigano ya hapa Juba ya Julai 2016 vikatusukuma tena Uganda. Tangu hapo familia nyingi zimezoea kuishi nusu huku, nusu kule. Mama yuko sokoni Konyo Konyo au Jebel, mtoto yuko Arua, Adjumani, Bweyale au Kampala, analelewa na bibi, au haboba kama tunavyosema hapa Juba. Fedha zinatumwa kwa simu. Maziwa yananunuliwa. Na kila mama mwenye hali hiyo ana swali moja ambalo halisemi mbele za watu, kwamba je, mtoto huyu atanijua nikirudi?

Katika makala haya ningependa kumweleza msomaji habari za mwanamke mmoja ambaye aliishi na swali la namna hiyo kwa karibu miaka 50. Jina lake ni Mary Ainsworth. Alifariki dunia mwaka 1999, lakini hakuna chuo kinachofundisha saikolojia ya watoto kisichomtaja. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba elimu yake kubwa hakuipata London wala Marekani, bali aliipata vijijini nje kidogo ya Kampala, katika sebule za akina mama wa Kiganda.

Msichana wa Toronto

Mary Dinsmore Salter alizaliwa Desemba 1, 1913, katika mji wa Glendale, jimbo la Ohio nchini Marekani. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Baba yake alifanya kazi katika kampuni ya alumini, na mwaka 1918 alihamishiwa Toronto, Kanada, ambako Mary alikulia.

Alikuwa mtoto wa vitabu. Akiwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia ya mwanadamu, na hapo akagundua kwamba mtu anaweza kutafuta ndani yake mwenyewe sababu za kuwa jinsi alivyo. Akaamua kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Mwaka 1929 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto.

Huko alikutana na mwalimu aliyeitwa William Blatz, aliyekuwa na wazo rahisi lakini zito. Blatz alifundisha kwamba mtoto mdogo hupata ujasiri wa kutoka na kuijua dunia pale anapokuwa na uhakika kwamba nyuma yake yupo mzazi wa kumkimbilia. Mary alilichukua wazo hilo akalifanyia kazi yake ya shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1939.

Mwaka huo huo vita vya pili vya dunia vilianza. Mwaka 1942 alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la Kanada, akafanya kazi ya kupima na kuchagua watu wa kazi mbalimbali, na akapanda hadi cheo cha meja. Vita vilipokwisha alirudi Toronto kufundisha. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, na wakahamia London ili mume amalizie masomo yake.

London na watoto wa hospitali

Huko London mama huyu hakuwa na kazi. Aliiona nafasi katika tangazo la gazeti, akaomba, akajikuta katika kliniki ya Tavistock chini ya daktari John Bowlby. Bowlby alikuwa akichunguza kinachompata mtoto mdogo anapotenganishwa na mama yake. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake juu ya watoto waliokosa malezi ya mama, ripoti iliyosomwa katika nchi nyingi, kwani Ulaya ilikuwa imejaa yatima na watoto waliotawanywa na vita.

Katika kundi hilo alikuwamo James Robertson, ambaye ningependa msomaji amkumbuke. Wakati wa vita Robertson alikuwa mtu wa kutunza tanuri la maji moto katika kituo cha watoto cha Anna Freud. Anna Freud alimtaka kila mfanyakazi, hata yule wa tanuri, aandike anachokiona kwa watoto. Robertson akajifunza kutazama. Baadaye alikwenda katika wodi za watoto, wakati ambapo wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao kwa muda mfupi mno. Aliona kwamba mtoto aliyelazwa siku nyingi kwanza hulia na kumtafuta mama. Kisha hunyamaza na kuhuzunika. Mwisho huchangamka tena, wauguzi wakidhani amezoea, lakini mama akija mtoto humtazama kama mpita njia.

Ainsworth alivutiwa sana na kazi hiyo ya kutazama kwa macho na kuandika. Akajiahidi kwamba siku akipata nafasi yake mwenyewe, atafanya hivyo hivyo majumbani mwa watu. Hakujua kwamba nafasi hiyo ingekuwa Afrika Mashariki.

Kufika Kampala

Mwanzoni mwa mwaka 1954 Leonard alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, Kampala, iliyokuwa ikiongozwa na Audrey Richards. Mary akamfuata mumewe, hana ajira. Taasisi ikampa fedha kidogo za utafiti.

Wakati wenyewe haukuwa mzuri kwa Mzungu kubisha hodi katika nyumba za Baganda. Novemba 1953 gavana wa Uingereza alikuwa amemwondoa Kabaka Mutesa II na kumpeleka uhamishoni, na Buganda nzima ilikuwa na uchungu. Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Hata hivyo akina mama walimkaribisha.

Alikwenda na mkalimani katika vijiji kadhaa nje ya Kampala, akapata familia 26 zenye watoto 28 ambao walikuwa bado wananyonya. Kila familia aliitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa muda wa hadi miezi tisa. Alikaa sebuleni mchana, wakati ambao mwanamke wa Kiganda hupokea wageni, akauliza maswali na zaidi akatazama.

Alikuja na jambo lake kichwani. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya Waganda mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi, akae mbali na mama. Kwake hiyo ilikuwa nafasi ya kuona utengano kwa macho yake. Alipofika alikuta desturi hiyo imeachwa na familia nyingi. Mtafiti mwingine angefunga mizigo. Yeye alibaki, akatazama kile kilichokuwapo mbele yake.

Upendo si maziwa

Hapa ndipo penye kiini cha maisha ya mama huyu. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba mtoto mchanga humpenda mama kwa sababu mama ndiye anayemlisha. Ziwa likija, upendo unafuata. Ainsworth naye aliamini hivyo. Bowlby alipoanza kusema kwamba binadamu huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu wa kumlinda, kama vifaranga wanavyomfuata mama yao, Ainsworth alimwonya kwamba maneno hayo yatamharibia sifa.

Buganda ilimgeuza. Aliwaona watoto wakitambaa kumfuata mama kutoka chumba hadi chumba. Aliwaona wakitoka kwenda kuchezea kitu, wakigeuka kumtazama kama bado yupo, wakirudi kumgusa, kisha wakitoka tena. Mama alikuwa kituo cha kuanzia safari na cha kurudia. Aliona watoto wakipiga makofi kwa furaha mama alipoingia. Na aliona watoto walioshikamana na baba, bibi au ndugu ambao hawakuwalisha hata siku moja. Kama upendo ungekuwa maziwa, hilo lisingewezekana.

Aliwagawa watoto wale 28 katika makundi. Watoto 16 walikuwa wametulia. Walilia kidogo, na mama akiwa karibu walicheza na kutafiti dunia yao. Saba walilia mara kwa mara, hata wakiwa mikononi mwa mama, na hawakuthubutu kwenda mbali. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na watu wengine.

Tofauti ilitoka wapi? Kati ya akina mama wa watoto waliolia sana walikuwamo waliolemewa na wasiwasi wao wenyewe, na mtoto aliusikia wasiwasi huo mwilini mwa mama. Lakini dalili moja iliyomshangaza ilikuwa katika mazungumzo. Mama wa mtoto aliyetulia, akiulizwa habari za mwanawe, alizieleza kwa undani. Alijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, alijua mtoto anacheka kwa nini na anaogopa nini. Alikuwa amemtazama mtoto wake. Kumbe kilichojenga utulivu wa mtoto kilikuwa kuitikiwa. Mtoto akiita, yupo anayesikia, anayeelewa na anayekuja.

Akina mama wale ndio walimu wa kwanza wa elimu hii. Hawakuandika kitabu, lakini mwaka 1967 habari zao zilichapishwa katika kitabu cha Ainsworth, Infancy in Uganda.

Chumba cha Baltimore

Mwishoni mwa mwaka 1955 Ainsworth na mumewe walihamia Baltimore, Marekani, naye akapata kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Haikuwa rahisi. Wakati ule walimu wanawake wa pale hawakuruhusiwa hata kula katika ukumbi mmoja na wenzao wanaume. Mwaka 1960 ndoa yake ilivunjika, na huzuni ilimwandama. Alitamani watoto lakini hakujaliwa kupata hata mmoja. Katika hali hiyo ndipo alipoanza utafiti wake mkubwa wa pili, miaka ya 1960, akitembelea familia 26 za Baltimore kuanzia mtoto akiwa na majuma machache hadi alipotimiza mwaka hivi, kwa jumla ya saa 72 hivi kwa kila familia.

Alikutana na jambo jipya. Mtoto wa Kiganda alilalamika mama alipotoka tu chumbani, lakini mtoto wa Marekani amezoea nyumbani mama akiingia na kutoka, wala hashtuki. Basi mwaka 1964, pamoja na msaidizi wake Barbara Wittig, alibuni kipimo cha dakika kama 20 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja na mama yake huingia katika chumba wasichokijua chenye vitu vya kuchezea. Mgeni anaingia. Mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi tena. Kipimo hicho, ambacho leo kimetumiwa katika nchi nyingi, kisingebuniwa kama asingekuwa na watoto wa Buganda wa kulinganisha nao.

Watu walidhani jambo la kutazama ni kilio cha mtoto mama anapotoka. Ainsworth aliona kwamba jibu liko pale mama anaporudi. Watoto wengi, karibu theluthi mbili, walimwendea mama, wakabembelezwa, kisha wakarudi kucheza. Wengine walimng'ang'ania huku wakimpiga na kukataa kutulia. Na wengine walimpuuza kabisa, wakaendelea na vitu vyao kama vile hakuna aliyeingia.

Hao wa mwisho ndio waliomkumbusha wale watoto wa hospitali wa Robertson. Mwaka 1977 watafiti walipima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, wakakuta moyo unakwenda mbio hata kama uso umetulia. Mtoto hakuwa amesahau wala hakuwa amekosa upendo. Alikuwa ameuficha.

Yaliyotokea Bweyale

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka dada yangu. Mwaka 2017 alimwacha mwanawe wa miezi minane kwa mama yetu kule Bweyale, akaja Juba kuuza dagaa na vitunguu. Hakuwa na njia nyingine. Alituma fedha kila mwezi na mtoto hakukosa uji wala dawa. Aliporudi baada ya mwaka mmoja na nusu, mtoto alipokea biskuti, akakimbia kujificha nyuma ya bibi yake. Majirani walicheka, wakasema mtoto amemsahau mama yake. Dada yangu alilala siku hiyo bila kula.

Mama yetu hakuwahi kusikia jina la Ainsworth, lakini alifanya sawasawa na alivyoandika. Alimzuia dada yangu asimnyakue mtoto na kumpandisha basi la Juba. Alimwambia akae. Dada akakaa majuma sita, biashara ikasimama. Alikuwa anakaa mkekani karibu na pale mtoto anapocheza, anashika maji bibi anapomwogesha, mtoto akiita bibi naye anageuka. Siku moja mtoto alimletea kiatu chake afungwe kamba. Walipokuja Juba mwaka 2019 hawakuja wawili, walikuja watatu, kwani dada alielewa kwamba kumtoa mtoto kwa bibi ghafla kungekuwa kumtenganisha mara ya pili.

Waliompinga

Si haki kumsifu mtu bila kutaja waliomkosoa. Watoto 28 ni wachache. Robert LeVine, aliyefanya utafiti kwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, alionya kwamba kipimo kilichotengenezwa Baltimore hakiwezi kuwa hakimu wa malezi ya dunia nzima, kwa kuwa kila jamii hulea kulingana na maisha yake. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, watafiti waliwakuta watoto wachanga wa Waefe wakipokezwa kutoka mkono hadi mkono siku nzima, hata kunyonyeshwa na wanawake wengine, nao wanakua vizuri.

Kwa maoni yangu ukosoaji huo ni wa kweli, na unatufaa sisi. Mtoto wa Kiafrika mara nyingi ana zaidi ya mtu mmoja wa kumkimbilia. Lakini hilo halifuti alichokiona Ainsworth, maana yeye mwenyewe alikuwa ameandika juu ya baba, bibi na ndugu wa Buganda. Iwe mmoja au watano, lazima awepo anayeitikia.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1975 Ainsworth alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, akastaafu mwaka 1984. Mwaka 1978 yeye na wenzake watatu walikuwa wametoa kitabu cha matokeo ya Baltimore, na wanafunzi wake, kama Mary Main na Inge Bretherton, waliiendeleza kazi yake. Asiyejaliwa mtoto wa kumzaa aliacha watoto wa elimu kila bara. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani walimpa nishani ya dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Machi 21, 1999, alifariki dunia mjini Charlottesville, Virginia, akiwa na umri wa miaka 85.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sisi wa njia ya Nimule hatuwezi wote kuacha biashara, kwa sababu biashara ndiyo inayonunua huo uji. Hakuna anayepaswa kumhukumu mama aliyeondoka ili watoto wale. Lakini kutokana na maisha ya mama huyu, yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza, unapochagua wa kumwachia mtoto, usiulize tu kama ana chumba na chakula. Uliza kama anamtazama mtoto, kama anaweza kukueleza mtoto analia kwa nini. La pili, usimhamishe mtoto kwa shangazi leo na kwa mjomba kesho kutwa, kwani kila uhamisho unamvunjia kituo chake. La tatu, usitoroke alfajiri mtoto akiwa amelala. Muage, hata akilia. Na la nne, ukirudi na mtoto akakugeuzia mgongo, usimchape, usimwite mkaidi wala usiseme hakupendi. Kaa karibu naye, umwache aje kwa mwendo wake, na akiita, mwitikie.